Msiba wa Bure Ujiji

Mpwa wangu alishuka Kigoma, mwisho wa reli, na wenzake wanne wa Dar es Salaam, mabegi ya kamera, na laki nane taslimu. Hiyo laki nane ndiyo ilikuwa filamu nzima: chakula, nauli ya kurudi, waigizaji, na hicho wanachokiita lokesheni. Filamu yenyewe ni ya dakika kumi na tano. Mvuvi wa dagaa anapotelea ziwani, watu wanaweka matanga, mkewe mzee anakataa kulia.

Nikaomba niisome hadithi. Ukurasa wa kwanza tu: jua linachomoza ziwani. Nikamwambia, "Mjomba, hii umeiandikia Kigamboni. Huku jua linatoka milimani mgongoni kwetu, jioni ndiyo linazama ziwani, upande wa Kongo." Akakata "linachomoza", akaandika "linazama", na mvuvi ambaye angeondoka alfajiri akaondoka magharibi. Afadhali, maana dagaa huvuliwa usiku.

Kibali cha Bodi ya Filamu alikuwa nacho. Sheria ya mwaka 1976 haina mchezo kwa anayeshuti bila kibali, na afisa utamaduni wa manispaa alishapelekewa nakala. Ila kibali hakikupi nyumba ya mtu wala geti la mtu. Aliitaka stesheni ya Kigoma, jengo la Mjerumani, tangu enzi za reli kufika ziwani mwaka 1914. Aliitaka Liemba, meli iliyokuja kwa makasha kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa majini mwaka 1915; nayo ilikuwa kwenye matengenezo. Aliitaka Gombe, akaambiwa hifadhi ina ada ya kuingia, ada ya kushuti, na boti ni juu yake. Aliyataka makumbusho ya Ujiji, chini ya miembe inayosemekana imetokana na ule waliokutania Stanley na Livingstone mwaka 1871. Kila geti lilidai barua, na kila barua ilidai wiki zake. Meneja wa hoteli moja ya ufukweni, ambayo siitaji, alipoiona kamera alisema laki tatu kwa siku. Kijana akajieleza kwamba wao ni wanafunzi. Bei ikapanda laki tatu na nusu, ya usumbufu.

Pesa zikabaki nzima, matumaini hayakubaki. Usiku barazani akanihadithia filamu ya Waingereza na Wamarekani ya mwaka 1951, *The African Queen*. Manowari ya Kijerumani iliyomo inasemekana imetokana na habari za Liemba yetu, zama ikiitwa Graf von Goetzen. "Unajua waliishutia wapi, mjomba? Uganda na Kongo. Na pale waigizaji walipotakiwa kuzama majini, walizamishwa kwenye tangi la studio, London. Kama wao walihamisha maji, mimi nashindwaje kuhamisha msiba?" Akisema hayo macho yake yalikuwa yanapima ukuta wa sebule yangu.

Ufukwe, kwa kweli, aliupata bure, na kwa hilo nampa heko. Alikwenda Katonga siku za mbalamwezi. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukishakuwa mpevu taa hazina kazi, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imelala mchangani na wavuvi wanashona nyavu, wana muda wa kuongea na mtu yeyote. Soda na maandazi vilitosha. Wangeenda wakati wa giza wangekuta watu wamelala mchana kutwa, na hasira zao.

Ikabaki nyumba ya msiba. Aliyeitoa si mimi. Ni mama watoto, akikaanga mgebuka, hata hakugeuka: "Shutini hapa, mwanangu. Nyumba inakula nini?" Na nyumbani kwetu anaishi mama yake, bi mkubwa wa miaka themanini na ushei, ambaye wiki ile kifua kilikuwa kimembana na mtaa mzima unajua. Mpwa alipomwona akasema uso kama ule haupatikani hata kwa milioni. Akapewa nafasi ya mke wa mvuvi.

Asubuhi likaja turubai, kwa yule yule anayekodisha maturubai ya misiba. Yakaja majamvi. Yakaja masufuria makubwa. Wakaja wanawake wanne kutoka Mwanga waliokodiwa kulia, wamejifunga kanga viunoni. Bi mkubwa akaambiwa apumzike chumba cha nyuma mpaka aitwe. Direkta akasema, "Akisheni!" Wale wanawake wakalia.

Walilia vizuri kupita malipo yao.

Ujiji hakuna haja ya tangazo. Turubai mlangoni, vilio ndani, mgonjwa anajulikana: nini tena? Bibi wa nyumba ya pili alitokea miguu mitupu, kanga kichwani, akaniangukia kifuani. Nikafungua mdomo kueleza, mpwa wangu akaninong'oneza kutoka nyuma ya kamera, "Mjomba, nakuomba, usimzuie mtu! Umati huu ningeulipa na nini?" Wanaume wakaketi majamvini, bodaboda zikazimwa njiani kwa heshima. Katibu wa kikundi cha kuzikana akafika na daftari, akaweka meza, akaanza kuandika michango. Vijana walikwisha kwenda makaburini na majembe. Shemeji yangu wa Kasulu alipigiwa simu na asiyejulikana mpaka leo, akakata tiketi.

Huko ndani bi mkubwa anasikia jina lake linaliliwa. Akavumilia, akidhani ndiyo filamu. Mwisho akajitokeza na mkongojo, amevaa nyeupe aliyovalishwa na watu wa mavazi.

Wawili waliruka ukuta. Mmoja wa waliaji wa kulipwa alizimia bila kulipwa. Bi mkubwa akaketi jamvini taratibu, akatazama huku na huku, akaanza hesabu. Nani amekuja na mchele, nani mikono mitupu. Yule mama aliyelia kuliko wote, kilemba kimemfunguka, alimwinamia: "Wewe si una dumu langu la mawese tangu Ramadhani? Ulikuwa unalilia nini, kwamba deni limekufa?" Dumu lilifika kabla ya adhuhuri.

Shehe alinivuta pembeni akaniuliza kama nina akili zangu. Vijana wa makaburini walirudishwa kwa bodaboda, kwa gharama ya filamu. Michango ikarudishwa mmoja mmoja kwa daftari, na wapo waliodai zaidi ya walichotoa. Kisha ikabidi watu wale, maana huwezi kukusanya mtaa chini ya turubai ukauachia njaa. Wali, maharage, dagaa wa mawese. Hapo ndipo laki nane ilipoishia. Ile hoteli ya laki tatu na nusu ilikuwa na mageti mawili na mlinzi, asingeingia jirani hata mmoja.

Jioni vijana wakakaa kutazama walichoshuti. Umati ulikuwa wa kweli, machozi ya kweli. Lakini nusu ya watoto wa mtaa wameikodolea kamera macho, na katikati ya msiba, kwenye picha nzuri kuliko zote, mwanamume wa fulana ya Yanga anapunga mkono. Mpwa akashika kichwa, akaenda chumba cha nyuma kumpigia magoti bi mkubwa arudie kesho.

Bi mkubwa alikuwa anapanga kanga. Kufa mara ya kwanza, akasema, amefanya kwa ajili ya undugu. Mara ya pili ni laki moja, pesa mkononi, na kitenge cha Kongo, tena asiletewe cha Mwanga sokoni, avushiwe.