Kutu Si Hoja: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Kombi

Kombi ya kufufua hununuliwa jioni, giza likianza kuingia, na hununuliwa na mtu aliyekuwa amekwenda kuangalia tu. Ukienda saa nne asubuhi utaona mambo yasiyokuhusu. Usibebe bisibisi, maana bisibisi ina tabia ya kupenya pasipostahili. Sumaku nayo iache nyumbani: ikigoma kushika ubavuni, ujue hapo pana puti nene, na habari kama hiyo itakuharibia usingizi bure. Mwenye gari akikwambia, "Bodi iko vizuri bosi, hii ni kutu ya juu juu," itikia naam. Kutu yote ni ya juu juu mpaka uifuate chini.

Kama gari limekaa miaka chini ya mwembe Tanga au Mombasa, hongera, umepata iliyoiva. Chuma, hewa na maji vinatosha kuleta kutu; chumvi ya upepo wa bahari inakuja kuharakisha tu. Majani ya mwembe yamekwisha kuziba matundu ya kutolea maji chini ya milango, kwa hiyo mvua ya masika iliyoingia humo haijatoka. Fungua na chumba cha injini, utazame pale panapokaa betri. Asidi imeshakula sakafu yake, na ukiinama vizuri utaona ardhi. Hapo muuzaji atakuambia panasaidia hewa kupita.

Ukishalipa, kariri historia kidogo, utaihitaji mama watoto atakapouliza kile kilicholetwa uani ni kitu gani. Mwambie kwamba Mholanzi Ben Pon alikichora kwenye daftari lake mwaka 1947. Mwambie kwamba magari yenyewe yalianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuyatilia vitanda na makabati, na kwamba Brazil waliendelea kuyatengeneza hadi 2013. Mwambie watalii wa zamani walizungushwa mbugani Kenya na Tanzania kwa Kombi hizi hizi, paa likifunguliwa wachungulie simba. Bei usiitaje mpaka ufike kwenye simba.

Sasa kazi. Tafuta jeki, iweke popote chini ya gari, uanze kupandisha. Jeki ikipanda na gari likabaki pale pale, hapo ndipo pa kuanzia.

Watu hudhani ile sehemu ndefu iliyo chini ya milango ni urembo. Kombi haina fremu ya kujitegemea kama lori. Boriti zake zimechomelewa pamoja na bodi, na sehemu hiyo ya chini ya milango ina bati la nje, la kati na la ndani, yote yakishirikiana kubeba gari. Unachokiona kwa nje ni tobo la ukubwa wa sarafu. Kata kwa grenda uone. La kati limebaki unga, la ndani halipo. Fundi mwenye haraka hukata pande zote mbili siku moja, gari likiwa juu ya matofali. Bodi inalegea katikati, milango iliyokuwa ikifunga inaanza kugoma, naye anachomelea hivyo hivyo. Unarudishiwa gari lenye umbo ambalo Wajerumani hawakulifikiria. Wapo mafundi waoga ambao huchomelea kwanza mabomba ya chuma ndani ya uwazi wa milango, nguzo kwa nguzo, ili bodi isicheze; wanakata upande mmoja, wanaurudishia, wanapima mwanya wa mlango, kisha wanahamia wa pili. Kazi yao ni ya miezi. Milango yao inafunga, ila hawana la kusimulia kijiweni.

Fundi wako atasema wiki mbili. Usimuulize wiki mbili za lini.

Kwenye viraka, mbane achomelee bati jipya juu ya kutu, asikate mpaka afikie chuma kizima. Unyevu utakaa kati ya mabati mawili, na kwa kuwa kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, itausukuma mshono wenyewe hadi uachie. Kwa hiyo una uhakika wa kurudi gereji, na urafiki na fundi haufi. Akikuuliza habari ya kupulizia nta ndani ya boriti baada ya kuchomelea, mwambie hiyo ni anasa ya wenye pesa. Ni kazi rahisi, lakini haionekani kwenye picha.

Puti iliumbwa kwa ajili ya mbonyeo wa milimita mbili au tatu. Wewe jengea ubavu mzima: wavu wa kuku, magazeti, puti, msasa. Usipige honi karibu nayo.

Mabomba ya petroli naomba nisiyafanyie mzaha. Injini ya Kombi iko nyuma, inapozwa kwa hewa, na bloku yake ina magnesiamu, metali ambayo ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya maji. Mpira mkongwe ukipasuka ukatiririsha petroli juu ya injini ya moto, miezi yote ya kuchomelea inaishia kwenye jivu. Badilisha mipira yote na klipu zake kabla ya kuwasha mara ya kwanza, na mtungi wa kuzimia moto ukae mkono unapofika. Najua umeshanunua mapazia na jiko dogo la gesi, na hela imekwisha. Rudisha mapazia.

Turudi kwenye mzaha. Rangi mbili, nyeupe juu na yoyote upendayo chini. Hapo hakuna cha kufundishwa. Kijana wa gereji akizunguka gari akitafuta rejeta ajaze maji, mwache azunguke. Haipo, na mazoezi ni afya.

Safari ya kwanza usiende sokoni, watu hawatakuona vizuri. Elekea Iringa ukapande mlima wa Kitonga. Una nguvu ya farasi 50 hivi kama injini yako ni ile ya cc 1600 na bado ina afya, nyuma umepakia kitanda, kabati, sinki na wakwe wawili. Utaingia gia ya pili, kisha ya kwanza. Malori ya Tunduma yatajipanga nyuma yako kona baada ya kona, yakipiga honi kwa zamu, na wewe toa mkono dirishani uwapungie wote, maana ni ustaarabu kuitikia salamu.