Dawa ya Rejeta

Masikio yangu yangali yakiwaka kwa neno nililotupiwa juzi na utingo wa basi karibu na Soni, katika ule mlima utokao Mombo kwenda Lushoto, nilipokuwa nimesimama kando ya njia na kanzu yangu nyeupe, nyuma yangu wazee niliofuatana nao kupeleka posa, na mbele yangu boneti ikifuka mvuke: “Mzee, chai imeiva, tukaribishe!”

Na alfajiri ile ile nilikuwa nimeimimina chupa nzima ya dawa ya rejeta, niliyouziwa Tanga kwa ahadi kwamba gari halitachemsha hata likipanda mbinguni.

Kwa insafu, dawa hiyo si uzushi mtupu. Maji ni hodari mno wa kubeba joto, yanaipita hata kulanti. Aibu yao ni kwamba hayapendi kutandaa juu ya chuma, na penye moto mkali, kandokando ya silinda, huzuka vipovu vya mvuke vikang’ang’ania pale pale, ilhali mvuke hauchukui joto ila kidogo. Dawa huulegeza mvutano wa uso wa maji, yakaambatana na chuma, vipovu vikabanduka upesi, na kutu ikazuiwa. Hakika ni elimu ya kustaajabisha! Lakini faida hiyo hudhihiri katika maji matupu. Palipo na kulanti nusu kwa nusu hupungua sana. Tena yote hayo ni bure kifuniko cha rejeta kikiwa kibovu, kwani springi yake ndiyo ibanayo maji yakahimili hadi nyuzi 120 hivi, badala ya 100, kabla ya kuchemka.

Wazee walifika Lushoto kwa basi la utingo yule yule. Wakati wa kurudi gari lilichemsha Muheza. Kisha likachemsha uani kwangu, limesimama.

Mvuke nimeusamehe. Nisichokisamehe ni biashara hii ya kuuza dawa pasipo kuuliza maradhi: muuzaji hakuuliza habari ya kifuniko, wala kama rejeta imekuwa ikinyweshwa maji ya kisima ya pwani, yaachayo chokaa ndani ya mirija, chokaa ambayo dawa ile haiwezi kuiondoa; na vivyo hivyo fundi aliyemtangulia alikwisha kuing’oa thamostati, kidhibiti cha joto la injini, akidai nchi yetu haina baridi.

Basi, ndugu msomaji, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko uutazame mpira wake. Wangu ulikuwa umepasuka, na kifuniko kipya kilinigharimu chini ya bei ya ile chupa.