Waridi, Funza na Mimi: Mhadhara wa Kolandoto juu ya Ishara katika Ushairi

Wazee wa kata, akina mayu, wanafunzi wa chuo cha afya ambao hata sare hamjavua, na ninyi vijana mliokuja mkidhani kuna kikao cha mbolea ya ruzuku: karibuni. Mbolea hakuna. Nipo mimi.

Nitajitambulisha kwa kifupi, maana wasifu wangu kamili hauishi leo. Mimi ni Profesa wa Kujitegemea wa Ushairi. Cheo hiki hakitolewi na chuo chochote, kwa hiyo hakuna chuo kinachoweza kuninyang'anya. Nimebobea katika ishara, jazanda, tamathali za semi, na maana zilizofichwa mahali ambapo mtunzi mwenyewe hakujua kama alificha kitu. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Walikuwa wakali mno, wahenga wale. Mimi nina huruma, nitawaambia.

Shairi letu ni la William Blake, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1757 na kufa huko huko mwaka 1827. Ni wa lile kundi ambalo vitabu vyetu vya nadharia hulitaja chini ya ulimbwende, watu waliothamini hisia, ndoto na maumbile kuliko hesabu. Shairi hili alilitoa mwaka 1794. Lina beti mbili, mistari minane, na kwa Kiingereza maneno 34 tu. Thelathini na manne! Tangazo la msiba redioni linayazidi. Habari yenyewe ni kwamba ua la waridi linapewa taarifa kuwa linaumwa. Kuna mdudu ambaye macho hayamwoni, husafiri usiku katika dhoruba, naye ameshapafahamu mahali ua linapostareheka. Anapenda kwa siri, na kwa kupendwa huko ua linakwisha. Basi. Hakuna dawa, hakuna aliyekamatwa, wala kamati haikuundwa.

Mtu wa kawaida, yaani ninyi, angeishia hapo na kusema ni habari ya ua na mdudu. Ndiyo sababu mmekaa huko na mimi nimesimama huku.

Tuanze na fani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitupa sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na sheria ni sheria hata kwa marehemu. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane upande huu na nane upande ule. Jumla 64. Nimemhesabia Blake kwa vidole, bila kikokotoo. Mshororo mmoja una mizani mitano, unaofuata sita, mwingine minne. Shairi lake zima, beti zote mbili, lina mizani 41! Halitoshi kuwa ubeti mmoja wa mtoto wa Tanga. Blake anadaiwa mizani 23, na tangu 1794 hajalipa. Vina vya kati hana kabisa. Vya mwisho amevitia katika mshororo wa pili na wa nne peke yake, ile mingine ameiacha ining'inie.

Najua yupo atakayenyoosha mkono kunitajia Kezilahabi wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwani, aliyechapisha Kichomi mwaka 1974 akavitoa vina na mizani nje, wazee wa ushairi wakazozana naye na wenzake miaka kadhaa. Huyo simjibu. Kezilahabi alizijua sheria kabla hajazivunja. Blake hakumsoma Amri Abedi hata siku moja.

Tamathali sasa. Ua linasemeshwa kana kwamba lina masikio: hiyo ni ritifaa. Ua lina kitanda: tashihisi. Mdudu ana mapenzi: tashihisi nyingine. Andikeni, mnaandika au mnanitazama? Hakuna tashbiha hata moja. Hakuna "kama", hakuna "mithili ya". Mtunzi hakufananisha ua na chochote, ameliweka tu mbele yetu na kuondoka. Ni uvivu huo, lakini ni uvivu uliotupatia kazi sisi wataalamu.

Naam, binti wa chuo cha afya. Unauliza ua lilianza kuumwa lini na dalili zake ni zipi? Keti, mwanangu. Hospitali yenu ipo hapa Kolandoto tangu 1913, zaidi ya miaka mia mnawauliza wagonjwa wanavyojisikia. Huku kwenye fasihi hatumwulizi mgonjwa, tunamweleza. Bado umesimama? Ati Blake anasema ua linaumwa lakini hasemi linaumwa nini, na ua lenyewe halipewi nafasi ya kujibu hata neno moja, na hilo linakutisha kuliko mdudu? Hilo ni pengo la mtunzi, mwanangu, na nimekuja kuliziba. Usitishike.

Tunaingia kwenye ishara, ambako ndiko kwangu. Watu wengi huchanganya ishara na sitiari. Ukimwita mkeo waridi, hiyo ni sitiari. Yeye si ua hata chembe, na jioni atakudai hela ya unga. Ishara ni kitu kinachobaki kuwa kitu chenyewe huku kikikuelekeza kwingine. Waridi la Blake ni ua kweli, lina mizizi na miiba, na papo hapo ni jambo jingine. Anayelisahau ua hulipoteza na lile jambo jingine. Hayo nimeyaandika vizuri sana katika kitini, ukurasa wa nne. Sasa naomba tulisahau ua.

Waridi ni Afrika. Mdudu ni ubeberu. Dhoruba ni Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Kitanda ni ardhi yetu, na mapenzi ya siri ni mikataba. Msimamo wa mtunzi ni wa kimapinduzi. Kwa mtihani hiyo inatosha, na sijapata kukutana na mtunzi ambaye msimamo wake si wa kimapinduzi, hata aliyetunga juu ya chai ya tangawizi. Kama Blake alikufa miaka zaidi ya hamsini kabla ya Berlin, hilo ni tatizo la Berlin.

Lakini hiyo ni tafsiri ya shule. Iliyonileta Kolandoto ni yangu mwenyewe, na naomba isirekodiwe kwa simu. Ukitoka hapa ukaishika barabara ya Mwanza unafika Maganzo, na kutoka Maganzo unaingia Mwadui. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua pale mwamba wenye almasi. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya karati 54.5. Rangi yake? Waridi! Williamson akaitoa zawadi ya harusi kwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza, ikachongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya pambo la kifuani. Pambo hilo lina umbo gani? La ua! Waridi, ua, Uingereza. Sikilizeni ukimya huu. Blake amekufa 1827, almasi imetoka 1947, tofauti ni miaka 120 kamili. Washairi wengine waliona yaliyopo, Blake aliiona Mwadui.

Na mdudu asiyeonekana, mtembezi wa usiku, ni nani? Mbona mliotoka Mwadui mnaangalia chini? Ni mbeshi, anayevuka uzio wa mgodi kiza kikiingia! Kwa ndugu zangu wa Geita, ambao hawakubali kitu kisicho na dhahabu, nimeandaa tafsiri ya akiba. Kitanda cha ua ni duara, mdudu ni tamaa, na dhoruba ni kelele za karasha. Bei ni ileile.

Ushahidi wangu mkuu ni huu, na hapa ndipo ninapowaacha wachambuzi wote nyuma. Blake anasema mdudu wake, yaani funza, huruka. Funza haruki. Funza hana mbawa. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Kwa hiyo mdudu wa Blake si mdudu hata kidogo, ni ishara tupu, na ishara tupu ni mali ya mtaalamu.

Naam, mayu wa pale nyuma mwenye mtoto mgongoni. Simama wakuone. Unasema funza anaruka? Mayu, tuheshimiane. Unasema mama yake funza wa vitumba ni nondo, na nondo hutembea usiku, mchana humwoni, anataga mayai kwenye machipukizi ya pamba, yai lenyewe dogo hata jicho la kijana halilipati. Mvua ya masika inapiga, wewe umelala, yeye yuko kazini. Funza akishatoboa anakula akiwa ndani, na ukipita shambani unasema pamba yangu ni nzima. Unasema ua la pamba hufunguka likiwa jeupe, kesho yake linageuka rangi ya waridi, kisha linaanguka. Kwa hiyo wewe shairi hili umelielewa tangu nilipolisimulia mwanzo, na ulikuwa unasubiri niseme kitu kipya.

Mayu, hayo ni mambo ya Ukiriguru. Kule wana kituo cha utafiti wa pamba, watakusikiliza. Blake alikuwa mchonga nakshi wa mjini London, shamba la pamba hakulijua. Hapa tunachambua shairi, hatupulizi dawa.

Bado hujakaa. Unauliza kama funza anakula tu, kwa nini mtunzi anakuita kula huko mapenzi. Na unajijibu mwenyewe kwamba wapo waume wa namna hiyo, anakuja usiku, anasema anakupenda, majirani wanakuona unanawiri, kumbe ndani umekwisha. Akina mayu, punguzeni vicheko. Tafadhali! Huu ni mhadhara, si kisimani. Binti wa chuo cha afya, unaandika nini? Aliyosema mayu hayamo katika kitini.

Mzee wa mbele naye ana lake. Anasema manju wa kundi la ngoma la Bagika na manju wa kundi la Bagalu waliposhindana, nyimbo zao zilijaa mafumbo, lakini hakuna aliyemwita profesa. Manju akimwimba fisi, watu waligeuka wenyewe kumtazama anayehusika. Umati ulihama upande mmoja ukaenda kwa aliyewagusa, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Mzee wangu, nakuheshimu, na umeeleza vizuri kwa nini sanaa ile haina wataalamu. Ina wasikilizaji tu.

Nimalizie na jambo dogo ambalo wasio wasomi wangelitanguliza. Blake hakupeleka shairi hili na mengine yaliyotoka nalo kwa mchapaji. Aliyaandika pamoja na picha juu ya bamba la shaba, asidi ikala sehemu zisizo na maandishi, akachapa karatasi mojamoja na kuzitia rangi kwa mkono. Mkewe Catherine, ambaye siku ya ndoa yao mwaka 1782 aliweka alama ya msalaba badala ya sahihi, alifundishwa naye kusoma, akawa msaidizi wake katika kuchapa na kupaka rangi. Katika ukurasa wa shairi hili ua limeinama mpaka chini, shina limejaa miiba, na juu kule kiwavi anakula jani. Ndiyo, mayu, kiwavi. Anakula jani. Nimeiona picha hiyo. Naifikia mwishoni kwa makusudi, kwani ikionyeshwa mapema watu huanza kutazama ua, na mhadhara unakosa pa kupita.

Uamuzi wangu: Blake amepata 41 kwa 64. Ameshindwa fani na kufaulu maudhui, kwa msaada wangu. Kitini kinauzwa mlangoni shilingi elfu mbili, wanafunzi wa afya nusu bei, isipokuwa yule aliyeuliza dalili. Maswali yaliyobaki yaletwe kwa maandishi. Wewe mayu wa pamba usiondoke, kaa hapa karibu na meza unirudie polepole ile habari ya nondo na ile ya waume, nipate kuinakili. Toleo la pili linatoka baada ya mavuno, na jina litakalokuwa kwenye jalada ni langu.