Mikono Iliyonuniana: Njia Sita za Kuisuluhisha Kwenye Piano

Kila mkono ukiwa peke yake unaweza. Ikutane tu kwenye wimbo mmoja, wa kushoto unaanza kumwigiza mwenzake kama hauna akili yake. Tuhesabu kurudi nyuma, dawa nyepesi kwanza.

6. Hanon. Mazoezi yake 60 yalichapishwa mwaka 1873, na vidole yanavikomaza kwelikweli. Ila mikono yote hupiga noti zilezile, kwa hiyo ugomvi wenyewe haujaguswa. Dakika tano zatosha. Majirani nao wana masikio.

5. Skeli ya kuachana. Weka vidole gumba vyote viwili kwenye do ya kati. Wa kulia upande, wa kushoto ushuke. Gumba kwa gumba, shahada kwa shahada, raha tupu. Skeli ya sambamba ndiyo yenye visa: ikipanda kutoka do, wa kulia unapitisha gumba chini baada ya mi, wa kushoto unavusha kidole cha kati baada ya sol. Na walimu wengi huanza na hiyohiyo. Sijui tuliwakosea nini.

4. Mtunzi Bartók. Mikrokosmos yake ina vipande 153 katika vitabu 6, na viwili vya kwanza alimtunukia mwanawe Péter. Mwanzoni mikono inaimba wimbo mmoja. Kidogo kidogo kila mmoja unashika njia yake. Faida ya ziada: baadhi ya vipande husikika kama umekosea hata ukipatia, hivyo nyumbani hakuna wa kukukamata.

3. Meza. Mdundo wa tatu kwa mbili, ukigonga mezani bila piano: “moja, mbili-na, tatu”. Kwenye “moja” gonga mikono yote; “mbili” na “tatu” ni za kulia; “na” ni ya kushoto. Aliyekulia kwenye ngoma anayo mwilini tayari. Akikalia kiti cha piano, ghafla anajifanya mgeni!

2. Mpe wa kushoto wimbo. Mpiga piano Paul Wittgenstein alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, naye mtunzi Ravel akamtungia koncheto ya mkono wa kushoto pekee, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1932. Wako umechoshwa na kordi tatu?

1. Polepole ya kutia aibu. Wapo wanaoukariri wimbo mzima kwa mkono mmoja, kisha mzima kwa mwingine, halafu wanashangaa muungano ukivunjika. Kupiga pamoja ni kazi ya tatu, inajifunzwa kivyake. Chukua vipimo viwili tu vya wimbo. Chora penseli kila mahali noti za juu na za chini zinapoangukia pamoja, kwani hapo ndipo pa kujishikiza. Metronomu iwe 50. Ukipita mara tatu bila kukwama, panda hadi 54. Ukikwama, shuka, na usimtazame mtu. Ukiona kasi hiyo inakuchosha kwa upole wake, punguza tena.