Visheti vya Sikukuu: Mwongozo wa Kupika na Wasaidizi Wasiofika Kiunoni

Pima muda kwanza, unga utafuata. Mtu mzima akiwa peke yake jikoni hupika visheti vya nusu kilo kwa saa moja na nusu, na vyombo akawa ameshaviosha. Akipata msaidizi wa miaka saba, aongeze saa moja. Akija na wa miaka mitano, aongeze nyingine. Na kama kitinda mimba wa miaka miwili na nusu naye amefika na kijiko chake cha plastiki, basi siku hiyo usimwahidi mtu chochote mpaka magharibi.

Mimi ninao wote watatu: mvulana, binti, mvulana. Tunaishi Tanga, na kila mwaka, siku mbili kabla ya Idi, tunatandika mkeka ukumbini tukapika visheti. Ninamwandikia mzazi, hasa baba, anayetaka kufanya hivyo bila kupandisha sauti na bila mtu kuungua.

Utaniuliza kwa nini nisinunue. Siku za mwisho za Ramadhani visheti vinauzwa kila kona, vimefungwa vizuri, vyote ukubwa mmoja, na mama anayevipika ana watoto anaowasomesha kwa kazi hiyo. Mnunulie, na Idi ikipita uendelee kumnunulia. Lakini mtoto aliyenunuliwa kisheti anaijua ladha yake tu. Aliyekipika anajua pia nazi inavyokataa kupasuka, hiliki inavyonukia ikitoka kwenye ganda, na kwa nini shira inayong'aa hugeuka ghafla ikawa nyeupe. Hayo nayataka wanangu wayajue kwa mikono yao.

Anza na mbuzi. Ile ya nazi, yenye meno ya chuma. Mtoto wa miaka miwili ameambiwa tangu asubuhi kwamba leo baba atamtoa mbuzi, na anatarajia mbuzi. Wa kwangu alirudi kutoka uani na majani mkononi, akayaweka mbele ya meno, akachuchumaa kungoja. Mpe muda wake. Mbuzi asipokula, mweleze taratibu kwamba huyu hula nazi peke yake, na hilo ni kweli kabisa. Kisha kazi ya kukuna iwe yako, maana meno yale hayachagui nazi na kidole. Wao watafute nazi yenye maji kwa kuitikisa sikioni. Mbili kubwa zinatosha.

Maji ya nazi yagawe kwenye vikombe vitatu vinavyofanana. Nasema vinavyofanana kwa sababu kikombe chembamba na kirefu kitaleta kesi. Na hapo, kama nyumbani kuna mzee, utasikia kwamba mtoto wa kiume asipewe, atapata busha. Mjibu kwa adabu: busha la pwani hii huletwa na minyoo ya matende, na minyoo hiyo huenezwa na mbu. Chandarua kitamkinga kijana, na maji ya nazi ayanywe.

Tui la kwanza ndilo utakalohitaji, zito, kikombe kimoja. Tui la pili liweke kwa ajili ya futari. Waache wakamue kwa mikono iliyooshwa, juu ya chujio, na uvumilie tui litakaloteremka mpaka kwenye viwiko. Machicha usiyatupe. Yachanganye na sukari kidogo, uyaweke kwenye kibakuli pembeni, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na msaidizi aliyekaa saa mbili bila malipo ataanza kula unga mbichi. Unga mbichi si wa kuliwa. Unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha ambavyo moto ndio huviua. Machicha yanamtuliza mtu bila kumpeleka hospitali. Karanga nzima usiwape badala yake. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hupaliwa nazo kwa urahisi, na ndiyo maana kwetu kashata za karanga zinasubiri kitinda mimba akue.

Kuna jambo la funga pia. Wewe umefunga na hutaki kuonja, basi waonjaji wa nyumba ni wao. Mkubwa wangu hufunga mpaka adhuhuri, na anaitangaza funga yake mtaa mzima, kwa hiyo kwa heshima yake mkeka hautandikwi kabla ya adhana ya adhuhuri.

Hiliki mpe wa kati. Hesabu punje 20 zenye maganda, umkabidhi yeye na kinu kidogo, afungue moja moja, atoe mbegu, kisha atwange. Hiliki yetu nyingi hushuka kutoka milima ya Usambara, huko juu ya Muheza, upande wa Amani, na amani ndiyo inayoleta: robo saa nzima binti yangu hakusema neno. Alipomaliza alininusisha viganja vyake, na jioni alikataa kunawa kwa sabuni.

Unga ni vikombe vinne, chumvi kidogo, hiliki, na samli vijiko vinne vya chakula iliyopashwa moto ikayeyuka, kisha ikaachwa ipoe. Fanyeni yote ndani ya sinia, chini, mkekani. Mezani mtoto husimama juu ya kiti na kiti huteleza. Mkekani hana pa kuanguka, na ukikaa naye mnatazamana usoni. Fikicheni samli kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka uwe chembechembe, ukiuminya ushikane, ukiugusa uachane. Hatua hii usiiharakishe. Samli ndiyo inayofanya kisheti kivunjike kwa utamu mdomoni badala ya kuwa kigumu kama kokoto, na kufikicha ni kazi ambayo vidole vidogo huifanya vizuri kuliko vyangu. Tui litie kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Kisha lifunike kwa kitambaa nusu saa lipumzike; likipumzika linalainika, na halirudi nyuma likibonyezwa. Wasaidizi hawatapumzika, lakini hiyo ndiyo nafasi yako ya kufagia.

Sasa njoo kwenye kuunda, ambako ndiko siku yenyewe iliko. Mama yangu alinifundisha hivi: kata kidonge cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kiweke mgongoni mwa uma, kibonyeze kwa kidole gumba, ukivute kikunjike kama kombe la pwani, chenye mistari mgongoni na uwazi tumboni. Mistari na uwazi vina kazi: mafuta hupita ndani, na shira hupata pa kushika. Wengine husukuma donge wakakata kwa kisu vipande vya pembe nne vilivyolala, na ni vitamu vilevile. Sisi ni watu wa uma.

Mkubwa ataunda kombe zuri baada ya majaribio kumi hivi. Wa kati ataunda kombe moja, kisha herufi za jina lake, kisha za majina ya rafiki zake wote. Kitinda mimba ataunda nyoka. Ukimwambia kile si kisheti, atakwambia ni simba. Hapa naomba unisikilize vizuri: usiunde upya kisheti cha mtoto. Usifanye mbele yake, na usifanye akienda chooni. Anakijua. Atakitafuta kwenye sinia, atakitafuta kwenye karai, na siku ya Idi atakitafuta kwenye sahani ya wageni. Kisheti kinene kina shida moja tu, nayo ni kubaki kibichi katikati, na shida hiyo ina dawa: tenga vinene na vyembamba, vinene uvikaange peke yake, moto mdogo, muda mrefu. Nyoka na simba wote wataiva.

Mwaka jana jirani alipita mlangoni akawaona wavulana wangu na unga mpaka nyusi, akauliza kama nyumba haina wanawake. Nilimkumbusha kwamba katika pwani hii pilau la harusi, la masufuria makubwa, kwa kawaida hupikwa na wanaume, na hakuna mgeni aliyewahi kukataa sahani kwa sababu hiyo. Mama yangu alizaa wavulana wanne bila binti. Angengoja binti wa kumrithisha visheti, leo visingekuwepo nyumbani kwetu. Alituketisha wote wanne kwenye mkeka kama huu, na siku hizi kaka yangu anayeishi Muscat hunipigia simu kila mwisho wa Ramadhani kuuliza tena kiasi cha samli. Anakijua. Anataka kusikia tu kwamba tumeanza.

Kabla ya kuwasha jiko, chukua chaki. Chora mstari sakafuni, hatua mbili kubwa kutoka kwenye moto, na sheria iwe moja: mafuta yakiwa jikoni, hakuna anayevuka, hata kama simba wake anaitwa. Mpe mkubwa cheo cha kulinda mstari. Ataulinda kuliko polisi. Mpini wa karai uelekee ukutani. Na kama pamoja na hayo mtu ameungua, maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kwa kutazama saa, ndiyo huduma ya kwanza. Dawa ya meno, asali, unga, mafuta, vyote viache kabatini. Kaka yangu mkubwa alipakwa dawa ya meno alipokuwa na miaka sita, na kovu lile bado liko mkononi mwake. Kama malengelenge ni makubwa, au ameungua uso au viganja, mpeleke kituo cha afya.

Mafuta yawe ya moto wa wastani. Kisheti kikitumbukizwa kizame, kitoe mapovu, kipande taratibu. Kikipanda papo hapo, kitakuwa cheusi nje na unga ndani. Rangi ya kahawia iliyofifia inatosha.

Shira ni vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji. Hapa ndimu ikae mbali. Shira ya kaimati hutiwa matone ya ndimu ili ibaki majimaji; ya visheti tunataka igande, na ndimu huzuia kuganda. Ichemke mpaka tone lililopoa, ukilibana kati ya kidole gumba na cha shahada na kuachanisha, livute uzi. Kipimo hiki ni chako peke yako, maana sukari inayochemka hunata kwenye ngozi ikaendelea kuunguza. Ipua sufuria, mimina visheti vyote, geuza kwa mwiko bila kusita. Wao wasimame kwenye mstari wao watazame. Kwanza vinang'aa kama vimelowa. Unageuza, unageuza, mkono unachoka. Halafu, ghafla, ukungu mweupe unapita juu yake, na kila kimoja kinajitenga na mwenzake. Sukari imezidi kiasi ambacho maji yaliyobaki yanaweza kukibeba, nayo ikikorogwa inajitoa na kushika kwenye kisheti. Mkubwa nilimweleza hivyo. Kitinda mimba aliona mvua ya unga, akapiga makofi. Vikibaki kunata, rudisha jikoni moto mdogo dakika mbili tu, ugeuze tena.

Hesabu tulizoziweka mwaka huu ni hizi. Mkekani viliundwa 112. Karai ilipokea 109. Kimoja alipewa paka, viwili nilivikuta baadaye kwenye mfuko wa kaptula. Kwenye shira viliingia 96, kwa sababu waonjaji walitimiza wajibu wao. Kwenye kopo la sikukuu viliingia 88. Kopo lenye mfuniko unaokaza huviweka vikavu kwa wiki mbili, kama kopo lenyewe liko juu ya kabati na ngazi umeificha.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, jaza sahani ya jirani, ifunike kwa kawa, umpe mtoto aibebe. Si lazima uchague vilivyo vizuri. Binti yangu alivuka barabara na sahani kwa mikono miwili, kaka yake mbele kumwonyesha njia, mdogo nyuma ameshika kanga yake.

"Shikamoo, Bibi. Baba amesema Idi njema. Hivi tumepika sisi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Na hiki je, chenye mkia?"

"Simba," akasema kitinda mimba.

Bibi akamla simba kwanza, hapohapo mlangoni. Sahani ilirudi na tende saba.