Namna ya kuuza kitunga Mubi bila kuuza huruma

Kwanza pata kitunga. Jina la biashara, muhuri wa mviringo, rais, katibu na mweka hazina watapatikana baadaye; wa kutafutwa leo ni fundi. Mubi, huku Walikale mashariki mwa Kongo, anapatikana bila shida. Yuko mama aliyejifunza kusuka kitunga cha mgongoni kwa bibi yake, kile chenye mkanda wa kuvaa kwenye paji la uso, na anakifunga kwa nguvu kiasi kwamba ukikijaza mihogo na kukirusha chini kinakurudishia mihogo yako yote. Mwombe akusukie kimoja. Kibebe wewe mwenyewe sokoni siku nzima. Mkanda ukikukwaruza paji, biashara bado haijaanza: rudi kwa mama, mkirekebishe pamoja, ukibebe tena.

Jambo la pili ni kujua unafanya biashara wapi. Tangu kasiterite, mawe ya bati, ilipogunduliwa Bisie mwaka 2002, Mubi na Njingala zimeishi kwa madini. Wabebaji walishuka na magunia ya kilo 50 kwa njia ya msituni, na ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara kule Kilambo kuchukua mzigo wa Goma. Leo kampuni ya Alphamin, iliyoanza uzalishaji wa kibiashara Bisie mwaka 2019, ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, karibu asilimia 6 ya bati ya dunia nzima. Bei ya bati London ikipanda, Mubi nyama inapanda. Serikali ilipofunga uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, hata muuza chumvi alikaa mikono kifuani. Kwa hiyo weka tayari vitunga vya aina mbili: kikubwa cha mwezi wa neema, na kidogo cha bei ya chini cha mwezi ambao wachimbaji wamerudi mikono mitupu. Mama anayeuza sombe atahitaji kitu cha kubebea katika miezi yote miwili, na mteja wako wa kwanza ni yeye. Mzungu wa mbali mwache asubiri zamu yake.

Sasa kekele, malighafi ya kitunga. Huu mtambaa wa miiba unaota kwa vichaka, na kichaka kimoja hutoa mashina mengi ya umri tofauti. Ukikata yaliyokomaa na kuyaacha machanga, kichaka kinaendelea kukulisha. Kila mtu Walikale anajua hilo, na bado machanga yanakatwa. Chanzo chake ni jinsi unavyolipa. Ukimlipa mkataji kwa mzigo, atajaza mzigo kwa chochote kilicho karibu na njia, maana ana watoto na jua linakuchwa. Mlipe kwa shina, bei nzuri kwa shina lililokomaa na sifuri kwa changa, halafu hesabuni pamoja mbele ya watu. Utaona msitu unavyopata mlinzi bila semina hata moja.

Na huo msitu una wenyewe. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wao wa hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda, na Walikale ni mahali ambapo jamii nyingi zimeifuata njia hiyo. Nenda ukaketi na wazee wa hapo unapokata, waulize vichaka vipi vipumzike mwaka huu, na uwalipe kinachokubaliwa. Kama kuna familia za Wambuti zinazoujua msitu huo kuliko sisi sote, zikae kwenye kikao hicho tangu mwanzo, na bei zao zisiwe nusu ya bei za wengine. Ninalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nusu bei hiyo imezoeleka mno.

Kekele mbichi ni karamu ya wadudu. Ikaushe vizuri, kisha itundike juu ya moto wa jikoni, pale ambapo moshi unapita kila siku mtu anapopika. Moto huo unawaka tayari, hakuna haja ya makaa ya ziada. Ukitaka rangi nyekundu, nenda kwa wapasuaji mbao siku wanapopasua mti wa ngula, ukazoe unga unaobaki chini. Usimkatishe mtu mti mzima kwa ajili ya mstari mmoja wa urembo. Nyeusi utaipata kwenye matope.

Urembo mwingine usiuguse kabisa. Manyoya mekundu ya mkia wa kasuku wetu wa kijivu yanapendeza sana, na yanapendeza zaidi yakiwa juu ya kasuku. Tangu mkutano wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori wa Johannesburg, 2016, kasuku huyo, pamoja na kakakuona, yuko kwenye orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imekatazwa. Ngozi ya okapi imekatazwa na sheria ya Kongo. Mteja akikunong'onezea kwamba atalipa maradufu kwa kipande kidogo tu, mpe kiti, mpe maji, muuzie kitunga cha kawaida.

Tukae kidogo kwenye bei, maana hapa ndipo nia njema nyingi zinapooza. Uliza: fundi huyu akienda kulima shamba la mtu au kubeba mzigo kutwa, anarudi na franga ngapi? Kama kitunga kinamchukua siku mbili, siku mbili hizo ndizo sakafu ya bei yako. Ongeza kekele, ongeza kisu kinachokwisha, ongeza kitunga kimoja kitakachoharibika kati ya vingi, ongeza usafiri. Sasa ongeza faida. Bei ikionekana kubwa mno kwa soko la Mubi, rudi kwenye umbo: punguza mapambo, punguza saa za kazi, usipunguze mama. Kuna watu wanaojiita wa hisani huku fundi wao akilipwa baada ya miezi mitatu, mali ikishauzwa. Mkopo huo ametoa yeye fundi, maskini kuliko wote kwenye mnyororo, bila riba na bila kuombwa. Shirika la dunia la biashara ya haki, WFTO, linadai kwamba kwa kazi za mikono mnunuzi atoe angalau nusu ya malipo mapema fundi anapoomba. Kwako fundi asiombe. Akipokea oda, apokee na nusu yake. Akileta kitunga, apokee nusu ya pili kabla hajakaa.

Ukishalipa hivyo mwaka mzima na bado kuna kilichobaki, ndipo uzungumze juu ya sadaka. Kilichobaki kisipokuwepo, usitoe, na wala usione haya: wanawake kumi wanaolipwa kwa wakati wanalisha nyumba kumi. Kikiwepo, wasukaji wenyewe waamue kiende wapi, kwenye kikao kilekile cha likelemba, mchango wa zamu, wanapochangishana. Wao wanajua mjane yupi amepokea wakimbizi wanane kwenye vyumba viwili. Wanajua pia kwamba tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na kwamba msichana anakwama mlangoni mwa sekondari. Msaada huo upelekwe bila kamera.

Nikirudi kwenye huruma: usiibandike kwenye kitunga. Picha ya mama anayelia itakuuzia kitunga kimoja kwa mtu mmoja mara moja, kisha kitunga hicho kitakaa kabatini kwake kama ukumbusho wa machozi ya mtu asiyemjua. Susan Wood alipoanzisha karakana ya shanga za udongo ya Kazuri, Nairobi, mwaka 1975, alianza na kina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Karakana ilikua ikaajiri mamia, kwa kuwa shanga zile zinavalika harusini na mtu asiyejua lolote juu ya aliyezitengeneza. Hapo jirani Rwanda, ndugu wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse wa Gahaya Links, waliingiza vikapu vyao katika maduka ya Macy's ya Marekani kuanzia 2005. Historia ya nchi yao iliwafungulia mlango, sawa, lakini duka kubwa namna hiyo hupima kila kikapu kwa rula, na rula haina huruma. Andika kwenye kijikaratasi jina la aliyesuka, kama yeye amekubali, mmea uliotumika na namna ya kukiosha. Inatosha.

Kufunga mzigo usitumie mfuko wa plastiki. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 iliipiga marufuku mifuko hiyo nchini, na kila aendaye sokoni anajua kwamba ingali imejaa. Wewe tumia yale majani mapana yanayofunga chikwange. Yako bure, yananukia, na mteja akiyatupa yanaoza.

Suka saizi tatu zinazoingiana. Hili ni shauri la barabara. Kitunga ni chepesi lakini kimejaa hewa, na hewa inalipiwa nauli kama kitu kingine. Tena kuna barieri, vizuizi vya kulipisha barabarani: watafiti wa IPIS, wa Antwerpen, walihesabu 798 katika Kivu zote mbili kwenye ripoti yao ya 2017. Vitunga vitatu vilivyoingiana vinahesabiwa kimoja na macho ya mtu aliyechoka na jua. Omba jetoni, kikaratasi cha malipo, kila unapolipa, uitunze, na gharama hiyo uiandike kwenye hesabu hata pale ambapo jetoni haikutolewa. Biashara isiyoandika barieri inadhani ina faida.

Na andika madaftari mawili. Machi 2025, waasi wa M23 walipoingia Walikale-kati tarehe 19, watu wa njia hii yote walibeba walichoweza. Stoo ya vitunga haibebeki. Kisu cha kupasulia kekele kinabebeka, na daftari la likelemba linabebeka, na nakala yake ikiwa kwa mtu anayeishi upande mwingine, deni la kila mama linabaki deni lake na akiba yake inabaki yake. Usirundike mali ya mwaka mzima mahali pamoja. Uza haraka, lipa haraka, pesa ilale mikononi mwa waliofanya kazi, maana wakikimbia watakimbia nayo.

Mwisho, weka siku moja ya soko kwa ajili ya vitunga vigonjwa. Mtu alete kilichokatika mkanda, akae kwenye kigoda, fundi amtengenezee palepale huku watu wanapita na kutazama. Mara ya kwanza bure. Atakapokileta tena kwa sababu alibebea mawe ya kujengea, mlipishe, kisha mwonyeshe kile kikubwa.