Pua Imenitia Deni

Mangi, niandikie soda moja kwenye daftari. Na wewe sogea, kaa. Mbona unakaa mbali hivyo? Ah. Haya, basi kaa hapohapo upepo unakotokea, mimi nitapaza sauti.

Nyumba ninayopanga si unaijua? Ile ya Mbagala, vyumba sita, korido katikati, choo uani, bomba linalotoa maji siku likijisikia. Silingi bodi hakuna. Mwenye nyumba alisema ataweka mwaka ule tunahamia, na binti yetu aliyekuwa ananyonya sasa yuko darasa la tano. Kuta zinapanda, zinapanda, zikifika usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama kwenye stuli zinachoka, zinaacha. Juu peupe mpaka kwenye bati. Kwa hiyo vyumba sita ni kwa hesabu ya kodi tu. Kwa hesabu ya hewa wote tunalala chumba kimoja. Mtu akikohoa namba moja, namba sita anampa pole. Ukikaanga mayai tunajua umepasua mangapi. Nimeishi hivyo miaka yote na sijanung'unika.

Sasa mwezi wa pili akahamia Mama Chausiku, chumba cha ubavuni kwetu. Mama wa watu, mwenyeji wa Kilwa, mcheshi, salamu yake mpaka kwa watoto. Kaja na kitanda, feni na viroba saba. Mimi na kimbelembele changu nikakimbilia kusaidia. Viroba vile nimeviingiza mimi, kwa mikono yangu hii. Kimoja nilikibeba kichwani.

Papa. Papa mkavu, na ng'onda kidogo. Mama anauza jumla, anasambaza magengeni.

Kama hujawahi kulala ukuta mmoja na papa mkavu usinicheke. Dagaa ananuka, lakini dagaa ana adabu, ananuka samaki. Papa ananuka choo. Usiku wa kwanza nikamwamsha mke wangu, nikamwambia mtoto kakojoa. Akapapasa, pakavu. Akasema, "Basi ni wewe." Akageukia ukutani, akalala. Mimi mtu mzima, saa nane za usiku, nikabaki napapasa godoro upande wangu nihakikishe.

Asubuhi fundi simu wa pale kona, kijana kasoma yule, akanieleza. Eti papa mwili wake umejaa yurea, ileile ya kwenye mkojo, ndiyo inayomwezesha kuhimili maji ya chumvi. Akishakufa, vijidudu vinaigeuza yurea kuwa amonia, ndiyo hiyo inayokupiga puani. Yurea mimi naijua ya kwenye mfuko, ya kukuzia mahindi. Nikamuuliza, kwa hiyo papa naye ukimfukia shambani mahindi yanastawi? Akaniangalia, akarudi kwenye simu ya watu.

Haya, mtu mzima mwenzio unamwambiaje kwamba kwake kunanuka? Kuna salamu yake? "Habari za asubuhi, mama, chumba chako kinanuka"? Nikaona nitumie ishara. Nikawa nikipita mlangoni kwake nakohoa. Akaniletea tangawizi. Nikajifunga leso puani. Akasema, "Pole na mafua, baba," jioni akaniletea supu. Supu ya nini? Ya papa. Mke wangu akainywa yote, akarudisha bakuli na kuuliza alitia nini.

Ndipo nikaamua ubani. Udi ningependa, ila bei ya udi unaijua. Nikanunua ubani wa mafungu na chetezo cha udongo, kila magharibi nafukiza. Moshi unajaa kwetu, unapanda, unavuka ukuta, unashukia kwa Mama Chausiku. Harufu ya papa haikutoka. Ilipata mwenzake tu. Chumba kikawa kama kuna hitma ya samaki.

Na mtaa huu si unaujua? Moshi wa ubani kila magharibi, mtu mwembamba kakauka kama ng'onda anakohoa ndani. Wiki ya pili, saa tatu usiku, hodi. Nafungua, kijana wa watu, kanyoosha shati, mikono kaikunja kifuani. "Shikamoo, babu." Babu! Nina miaka 42. "Nimeelekezwa hapa. Nina shida ya kazi, kila nikifanya usaili wananiambia tutakupigia." Nafumbua mdomo nimwambie kaka, hata mimi huwa wananiambia hivyohivyo, mke wangu kanipita ubavuni. "Babu leo hapokei. Acha elfu mbili ya kushika foleni."

Kijana kaacha. Elfu mbili yenyewe sikuiona. Kilichonifikia mimi ni mwenye nyumba, Jumamosi, na kikokotoo chake. Eti chumba alipangisha cha kulala, kama kimegeuka kilinge basi kodi yake ni ya biashara. Nikaapa kwa Mungu mimi si mganga. Akasema waganga wote huanza hivyo. Kapandisha elfu kumi kwa mwezi.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Fundi simu akanipa moyo, akasema iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imetaja mpaka harufu mbaya. Nikafurahi hujaona. Serikali inaijua pua yangu! Nikachomekea shati, huyo, mpaka ofisi ya mtaa. Dada wa pale akanisikiliza vizuri tu, akauliza, "Ushahidi uko wapi?" Nikamwambia dada yangu, ni harufu. Akasema sawa, iletwe. Sasa niilete kwenye nini? Mifuko ya plastiki yenyewe ilishapigwa marufuku tangu 2019, harufu nitaibeba kwa kikapu? Watu kwenye benchi wakacheka. Akaniambia nikaanzie kwa mjumbe.

Mjumbe akaja Jumapili adhuhuri, akawekewa kiti uani chini ya mwembe. Wapangaji wote wametoka, hakuna mwenye shughuli siku hiyo. Mjumbe akauliza, "Mlalamikaji nani?" Nikanyoosha mkono. Nageuka, na Mama Chausiku kanyoosha wake.

"Mjumbe, mimi na baba huyu hatuna ugomvi," akaanza, kwa upole, nikajua nimekwisha. "Jirani mzuri, alinibebea mizigo. Ila tangu aanze uganga wake sina raha. Moshi unaniingilia, kichwa kinaniuma. Na papa wangu kashika ubani. Mteja wa Temeke karudisha kiroba kizima. Kasema hawezi kuwauzia watu papa wa msibani."

Uani kote, "Aaah." Wanamhurumia mama wa watu. Nikasema mjumbe, ubani nilifukiza kwa sababu ya harufu ya papa. Mjumbe akamgeukia: "Mama, harufu ya papa unaijua?" Mama Chausiku akavuta pumzi, akavuta tena, akatuangalia mmoja mmoja, uso mweupe kabisa hauna hila. "Harufu gani?"

Na wala hadanganyi. Miaka kumi na tano kwenye biashara hiyo. Fundi simu anasema pua ikikaa na harufu moja muda mrefu inaacha kuisikia, inangoja mpya. Ya Mama Chausiku ilishastaafu, pensheni inakula. Basi mjumbe akasimama mwenyewe, akaingia koridoni, tunamwona kwa nyuma anainua pua kama mbuzi aliyesikia mvua. Akatoka. "Mimi nasikia ubani tu."

Kumbe alikuwa anasikia na kingine. Maana jikoni kwa Mama Chausiku sufuria lilikuwa linachemka tangu asubuhi. Papa kalowekwa maji moto, kasuguliwa mchanga wote wa ngozi, kaungwa na tui zito, ndimu, bizari na pilipili mbuzi. Pembeni ugali wa muhogo. Akasema hawezi kuacha wageni wajadiliane na njaa. Tukanawa. Nilikusudia kukataa, naapa. Nilikusudia nile ugali mtupu niwe na msimamo. Sasa lile tui likanigusa kidole.

Mjumbe alipomaliza kujifuta mdomo akaniuliza, "Mlalamikaji, umekula?"

"Nimekula."

"Umeongeza?"

Nikanyamaza. Mke wangu akajibu, "Mara mbili."

Kesi ikaishia hapo. Hukumu: ubani marufuku, na kile kiroba kilichorudishwa nikinunue mimi, maana niliyekiharibu ni mimi. Nalipa kwa mafungu, miezi minne. Jioni nikakihamisha mwenyewe. Kiko chini ya kitanda chetu, upande wa kichwa, kwa sababu upande wa miguu mke wangu kaweka maboksi yake.

Lakini nikwambie, kuna kheri yake. Sasa ni wiki ya tatu na harufu imekwisha kabisa! Naamka, navuta pumzi, hewa safi. Nilimwambia mke wangu nadhani Mama Chausiku kabadilisha mzigo. Alicheka mpaka akakaa chini. Sijui alicheka nini.

Sasa jana nikapata kausaili kangu, mjini. Nikapiga pasi shati lile jeupe, nikapanda daladala pale Rangi Tatu, siti ya dirishani, mfalme. Hatujafika mbali konda akanusa. "Nani ana mzigo wa samaki? Samaki wanalipiwa!" Kimya. Watu wakaanza kuinama chini ya siti. Na mimi nikainama, tena kwa bidii kuliko wote. Nikasema kwa sauti, watu wengine hawana ustaarabu, unapandaje na samaki kwenye gari la abiria? Konda akawa anakuja siti kwa siti, pua mbele. Akasimama kwangu.

"Mzee, lipia mzigo."

Nikamwambia sina mzigo. Nikasimama, nikainua mikono, nikageuka, akague. Niliponyanyua mikono ndio ikawa mbaya zaidi. Dada niliyekaa naye akafungua dirisha langu, kwa mkono ulionivuka usoni. Abiria wa nyuma wakapiga kelele, baba lipa tuondoke, tunachelewa.

Nikalipa. Konda kanikatia tiketi mbili, hizi hapa, angalia. Moja yangu, moja ya mzigo. Na kule kwenye usaili wamesema watanipigia.

Mangi! Ile soda vipi? Mbona umefunga dirisha?